Mrithi Aliye Ng'ambo na Mwakilishi Wake Nyumbani

Hazipiti wiki mbili pasipo mtu kunifikia hapa Ibadakuli, Shinyanga, ama kwa simu itokayo Maskati, ama kwa ujumbe ulioandikwa usiku wa manane katika chumba cha wanafunzi huko Guangzhou, ama kwa mzee aliyetumwa na mwanawe aliye Uingereza, na swali waniletealo ni lile lile, ijapokuwa kila mmoja hulieleza kwa maneno yake: baba amefariki, ndugu wamekwisha kuketi kikao, mimi siwezi kuja, je, nimwandikie nani karatasi, na karatasi hiyo iseme nini ili haki yangu isipotee? Mimi si hakimu wala si wakili wa mahakamani. Ni mtu aliyekaa miaka mingi akiandika mihutasari ya vikao vya koo na barua za wajane na mayatima, na katika kuandika huko nimeona karatasi zilizookoa haki za watu na karatasi zilizozizika. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kuwajibu wote kwa pamoja, kwa utaratibu, nikianza na jambo ambalo lisipoeleweka mengine yote huwa kazi bure.

Mwakilishi si msimamizi

Watu wawili huchanganywa kila siku katika mirathi, nao ni mwakilishi wako na msimamizi wa mirathi. Msimamizi huteuliwa na mahakama, na tangu siku ya kuteuliwa kwake mali yote ya marehemu, pamoja na madeni yake, huwa dhima yake mpaka aigawe na kutoa hesabu. Mwakilishi huteuliwa na wewe, kwa hati ya uwakilishi, ambayo maofisini wengine huiita hati ya nguvu ya kisheria, naye hashiki mali ya marehemu hata kidogo. Ashikacho ni sauti yako na haki yako wewe mrithi mmoja. Kwa kuwa wewe mwenyewe huna mamlaka ya kuuza nyumba ya baba kabla haijagawiwa, huwezi kumpa mwingine mamlaka hayo, hata hati yako ingepigwa mihuri kumi.

Mwaka mmoja alinijia kijana aliyetoka benki mjini Shinyanga, amekunja bahasha chini ya kwapa. Dada yake alikuwa Oman, naye alikuwa amemtumia hati nzuri, ya karatasi nene, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mihuri miwili ya rangi ya zambarau, ikisema kwamba kijana yule achukue fedha zote zilizo katika akaunti ya marehemu mama yao. Karani wa benki aliigeuza mbele na nyuma, akaisoma kwa adabu, kisha akamwuliza neno moja tu: barua ya usimamizi kutoka mahakamani iko wapi? Hakuwa nayo. Walikuwa wametumia miezi mitatu na fedha nyingi kutengeneza ufunguo wa mlango usiokuwa wao.

Basi shika mambo haya matatu:

- Benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na ofisi za ardhi hazitoi mali ya marehemu kwa hati yako; hutaka uteuzi wa mahakama, na kila moja ina fomu zake.
- Hati ambayo marehemu mwenyewe alimwandikia mtu wakati wa uhai wake ilikufa pamoja naye. Kadhalika kadi ya benki ya marehemu na namba ya siri ya simu yake: anayezitumia baada ya maziko, hata kwa nia ya kulipia matanga, anagusa mali isiyo yake, na baadaye atatakiwa kuijibu.
- Ikiwa marehemu alikutaja wewe uliye ng'ambo kuwa wasii katika wosia wake, Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inatambua hali hiyo: mahakama yaweza kumpa mwakilishi wako usimamizi kwa ajili yako mpaka utakapokuja kuushika mwenyewe. Hapo ndipo hati yako huwa na nguvu pana zaidi, nayo haifai kuandikwa pasipo wakili.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja

Usikimbilie ubalozini. Uliza kwanza nyumbani, kwa simu, na majibu uyaandike:

1. Je, kifo kimesajiliwa na cheti kimetolewa? Cheti cha kifo hutolewa na wakala wa usajili, RITA, na wilayani shughuli hiyo hufanyika katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kibali cha maziko si cheti cha kifo.
2. Je, shauri la mirathi limekwisha kufunguliwa? Katika mahakama gani, kwa namba gani, na nani ameomba kuteuliwa?
3. Marehemu aliishi kwa mila, kwa Uislamu, au kwa namna nyingine?

Swali la tatu huwashangaza watu, nalo ndilo huamua njia. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, na ni ile ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Mirathi ya mtu aliyeishi maisha ya Kikristo na kuacha mila ya ukoo haimo katika mamlaka yake, na mashauri mengi yamefutwa baada ya miaka kwa sababu yalianza katika mlango usio wao. Hati yako ikitaja mahakama isiyo sahihi, nayo imepotea njia.

Tena yapo mambo ya muda. Katika mahakama ya mwanzo, kwa kanuni za 1971, msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni katika Fomu namba V ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, na hesabu katika Fomu namba VI kwa vipindi atakavyopangiwa. Katika Mahakama Kuu orodha hutolewa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka. Anayeomba usimamizi katika Mahakama Kuu miaka 3 ikiwa imekwisha kupita tangu kifo hana budi kueleza sababu ya kuchelewa. Na dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12, nayo huanza kuhesabiwa tangu siku marehemu alipofariki, si tangu siku wewe ulipopata habari. Nimewaona watu waliokuja likizo katika mwaka wa 13 wakilia juu ya shamba ambalo laiti wangaliandika barua moja mapema, lingalikuwa lao hata leo.

Nani umwamini

Watu hudhani mwakilishi bora ni ndugu mkubwa. Nami nasema, kwa yale niliyoyaona, kwamba yule ambaye naye ni mrithi katika mirathi hiyo hiyo, au aliyeteuliwa kuwa msimamizi, asiwe mwakilishi wako ikiwa upo mwingine awezaye kazi, si kwa kuwa ni mwovu, bali kwa kuwa umemweka mahali pa kukata nyama na kujichagulia pande. Shangazi aliyeolewa mbali, mjomba wa upande wa mama, mwalimu mstaafu wa mtaani, rafiki wa shule mwenye makazi yanayojulikana, hao aghalabu hufanya kazi kwa moyo mweupe zaidi. Umtafute anayesoma na kuandika vizuri, anayekaa karibu na mahakama inayohusika, asiye na deni kwa msimamizi, na ambaye hataona haya kuuliza swali katika kikao cha wazee.

Katika mahakama ya mwanzo upo wepesi mmoja usiojulikana sana: Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inairuhusu mahakama kumkubali jamaa au mtu wa nyumbani mwa mhusika kusimama badala yake katika shauri la madai, mhusika mwenyewe akiomba. Kwa hiyo mwakilishi aliye ndugu wa damu, ilhali si mrithi mwenzako, ana faida ya pekee. Ama mawakili, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, wao nao huweza kusimama katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Lakini fahamu kwamba mwakilishi, awe nani, hawezi kuwa shahidi wa mambo ambayo wewe tu ndiye uliyeyaona na kuyasikia. Ikiwa ushahidi wako ndio nguzo ya madai yako, jiandae kuutoa mwenyewe.

Hati iseme nini

Hapa nitakaa kitako, kwani hapa ndipo watu huumia. Hati fupi isemayo «namwidhinisha afanye kila jambo kwa niaba yangu» huonekana ya upendo na imani, na katika ukoo wangu mwenyewe hati ya namna hiyo ndiyo iliyouza majaruba manne ya mpunga, tena kwa bei ya njaa, kwa mtu ambaye hakukosea lolote, kwa kuwa alionyeshwa karatasi iliyosema kila jambo. Mwenye hati aliporudi alikuta mpunga wa mwingine umefika magotini.

Andika mambo haya, wala usiache hata moja:

- Majina yako yote, kama yalivyo katika pasi ya kusafiria, na namba ya pasi. Wengi wetu Wasukuma tuna jina la kuzaliwa, jina la shule na jina la ubatizo, na katika muhtasari wa kikao utaandikwa kwa lile la nyumbani. Ikiwa yanatofautiana, fanya kiapo cha majina na ukiambatishe, ama sivyo utaambiwa mtu aliye katika hati siye aliye katika orodha ya warithi.
- Majina ya mwakilishi, namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA), mtaa au kijiji na kata, na picha ndogo zenu nyote wawili.
- Marehemu: majina, siku na mahali alipofariki, uhusiano wenu, na namba ya shauri kama ipo.
- Mali unayoijua, kwa mipaka yake. Usiseme «shamba la baba la Ibadakuli», kwani baba alikuwa nayo matatu. Sema lipo mtaa gani, limepakana na nani upande wa mashariki na nani upande wa magharibi, uzio wa minyaa unaanzia wapi, mbuyu au mkondo wa maji uko upande gani, na kama kiwanja kimepimwa, taja namba ya kitalu na kiwanja.
- Muda: miezi 12 yatosha; ikihitajika, utaandika hati nyingine.
- Hesabu: akuletee nakala ya kila karatasi anayoipokea au kuitia sahihi ndani ya siku saba.
- Katazo la kumpa mwingine mamlaka uliyompa yeye.

Na katika kiini cha hati, wengi niliowasaidia wametumia maneno yanayokaribia haya: «Namwidhinisha kuhudhuria kikao cha ukoo na kutoa maoni yangu, kufuatilia shauri la mirathi mahakamani na kupokea nakala, kuwasilisha pingamizi kwa jina langu nitakapomwagiza kwa maandishi, kudai orodha ya mali na hesabu kutoka kwa msimamizi, na kulipokea fungu nitakalogawiwa, fedha zote zikiingizwa moja kwa moja katika akaunti yangu. Simwidhinishi kuuza, kuweka rehani, kubadilishana, kutoa zawadi, wala kutia sahihi karatasi yoyote isemayo kwamba nimeacha fungu langu.» Sentensi ile ya mwisho, yenye neno *simwidhinishi*, ina thamani kuliko zote zilizoitangulia. Siku utakapotaka kuuza fungu lako, likiwa limekwisha kuwa lako kwa jina lako, utaandika hati nyingine ya jambo hilo moja.

Na ikiwa mtu atakuletea hati iliyokwisha kuandikwa, yenye maneno kwamba haiwezi kufutwa, usiitie sahihi hata kama aliyeituma ni mzee unayemheshimu.

Kuitia sahihi ukiwa ugenini

Njia iliyo nyepesi kwa wengi ni ubalozi wa Tanzania. Tuna balozi Maskati, London, Washington, Berlin, Stockholm, Beijing na kwingineko, na ofisi za konseli katika miji kama Dubai na Guangzhou. Piga simu kwanza uulize siku, ada na vielelezo, kisha uende na pasi yako, nakala ya kitambulisho cha mwakilishi, picha, na hati ikiwa haijatiwa sahihi. Sahihi hutiwa mbele ya afisa. Aliyekwisha kuitia nyumbani kwake hurudishwa, na ikiwa alisafiri saa sita kwa gari moshi, safari yake imeharibika.

Njia ya pili ni mthibitishaji wa hati wa nchi unayokaa, kisha mamlaka ya nchi hiyo inayothibitisha sahihi yake, kisha ubalozi wetu. Wenyeji wa Ulaya watakwambia kwamba muhuri wa apostili unatosha. Hautoshi kutegemewa peke yake, kwa kuwa muhuri huo hutumika baina ya nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1961, nayo Tanzania si mojawapo. Ongeza uthibitisho wa ubalozi. Hati iliyo katika Kiarabu, Kijerumani au lugha nyingine yoyote iambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Kwa mahakama ya mwanzo, ambayo huendesha mambo yake kwa Kiswahili, ni bora hati yenyewe iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Tengeneza nakala halisi tatu: moja ya mahakama, moja ya mwakilishi, moja ibaki kwako. Mbili za kwanza zitume kwa shirika la vifurushi linalotoa namba ya kufuatilia, au kwa mtu unayemwamini anayesafiri. Picha iliyotumwa kwa simu hufaa kumwonyesha wakili wako aisahihishe, haifai kumpa hakimu.

Kwa wafanyakazi wa majumbani walio Ghuba, ambao aghalabu ni mabinti zetu, najua kwamba ruhusa ya kwenda ubalozini si jambo jepesi. Ikiwa huwezi kutoka, mpigie afisa wa ubalozi umweleze hali yako kabla hujakata tamaa. Na wakati huo huo andika barua ya mkono, yenye tarehe, kwenda kwa mahakama husika, ukisema kwamba wewe ni mrithi, upo hai, na hujaacha fungu lako. Barua hiyo si hati ya uwakilishi, lakini ikiwekwa katika jalada msimamizi hawezi tena kusema kwamba hakukujua.

Hati ikifika nyumbani

Mwakilishi asikae nayo sandukuni. Ailipie ushuru wa stempu kupitia mamlaka ya mapato, TRA, kwani hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi. Ikiwa inahusu ardhi yenye hatimiliki, aipeleke kwa Msajili wa Hati isajiliwe. Kisha aiwasilishe mahakamani, na nakala ampe mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wa kata, ambao ndio watakaoulizwa kwanza kila mtu atakapotaka kuuza.

Ama muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao mahakama zetu za mwanzo huutaka karibu kila mara, mwakilishi auone ukiandikwa. Jina lako liwemo katika orodha ya warithi, na mbele yake iandikwe «yupo nje ya nchi, amewakilishwa na fulani», si kuachwa wazi, wala kutiwa dole gumba na mtu mwingine kwa madai kwamba ulikubali kwa simu. Nimeuona mwenyewe muhtasari wa watu 11 wenye madole gumba 11, ilhali wawili kati yao siku ile walikuwa nje ya mipaka ya Tanzania.

Mali za upande huu

Mirathi ya huku si nyumba na akaunti ya benki tu.

*Ng'ombe.* Mzee wa Kisukuma mara nyingi huwa na ng'ombe wengi kwa jamaa na marafiki wanaomchungia kuliko walio zizini kwake. Hawamo katika karatasi yoyote. Mwakilishi awatembelee wachungaji hao mapema, akiwa na shahidi, aandike idadi, rangi na alama, maana kila mwezi unaopita hufuatwa na habari za ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa.

*Ardhi ya kijiji.* Kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, itafutwe ilipo. Kama haipo, barua ya halmashauri ya kijiji na mashahidi wa mipaka ndio nguzo.

*Duara.* Katika ukanda wa dhahabu, toka Mwakitolyo hata Nyarugusu na Rwamgasa, watu wengi huacha sehemu katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na sehemu hiyo hujulikana kwa maneno tu: mwenye leseni ana yake, mwenye shamba ana yake, mwenye duara ana yake, na mgawo huhesabiwa kwa mifuko ya mawe yatokayo shimoni. Marehemu akifa, wenziwe huendelea kuchimba, na duara likiisha hakuna tena cha kudai. Mwakilishi amtake msimamizi aandikishe sehemu hiyo katika Fomu namba V pamoja na majina ya wabia, na karasha, pampu na mitambo iliyonunuliwa kwa fedha za marehemu. Ikiwa marehemu alikuwa na leseni ndogo ya uchimbaji kwa jina lake, habari ipelekwe upesi kwa afisa madini mkazi wa Tume ya Madini, kwani leseni ina muda wake na ada zake. Nayo leseni ndogo ni ya raia wa Tanzania pekee.

Hapo linaingia neno kwa waliochukua uraia wa nchi nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 imemwekea asiye raia mipaka katika kupata ardhi. Usilifiche jambo hilo kwa mwakilishi wala kwa wakili wako. Mwambie kabla hati haijaandikwa, ili fungu lako lipangwe kwa njia inayokubalika, kwa mfano kupewa mali isiyo ardhi au thamani yake katika fedha.

Kwa mabinti walioambiwa hawarithi

Hii ndiyo sehemu inayoniuma. Amri ya sheria za kimila ya 1963, Tangazo la Serikali namba 436, iliwaweka mabinti katika daraja la tatu na la mwisho la urithi, na kumnyima mjane fungu ambapo wapo jamaa wa ukoo wa mumewe. Wajane wawili waliofukuzwa katika nyumba zao kwa kanuni hizo walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi lakini haikuzifuta. Rufaa yao ikakwama mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ni shauri lililozaliwa katika mila zetu hizi za Kisukuma.

Kwa hiyo binti uliye mbali, ukiambiwa katika simu kwamba «mwanamke harithi», usilipokee neno hilo kama hukumu. Hata amri ile ya 1963 haikusema binti hapati kitu. Sheria ya Ardhi nayo imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Na ikiwa baba hakuishi kwa mila, au aliishi kwa Uislamu, kanuni hizo za kimila hazihusiki: katika Uislamu binti ana fungu lake lililotajwa, na mjane mwenye watoto wa marehemu ana thumuni yake. Mwambie mwakilishi wako aiulize mahakama waziwazi ni sheria gani inatumika, na jibu liandikwe katika mwenendo wa shauri.

Maulizo yanayorudi

*Kuandika masharti haya si kumtukana ndugu yangu?* La. Hati yenye mipaka humlinda yeye pia, kwani siku ndugu wengine watakapomtuhumu atakuwa na karatasi ya kujibia.

*Nimekwisha kutoa hati pana, na sasa nina wasiwasi.* Ifute. Andika hati ya kufuta, ithibitishwe kwa njia ile ile ya kwanza, isajiliwe pale ile ya kwanza iliposajiliwa, na nakala zifike kwa mwakilishi, mahakama, ofisi ya ardhi, benki na mwenyekiti wa mtaa. Kumwambia kwa simu tu hakumzuii mnunuzi asiyejua.

*Msimamizi amekaa miaka miwili hajaleta orodha.* Mwakilishi apeleke maombi mahakamani, msimamizi aitwe kutoa hesabu. Akishindwa pasipo sababu, mahakama ina uwezo wa kumwondoa na kuteua mwingine. Ikiwa kuna ardhi yenye hatimiliki na unahofia itauzwa, omba zuio kwa Msajili wa Hati.

*Nitafanyaje kuhusu mafao ya mfanyakazi wa mgodini au wa serikali?* Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, ina taratibu zake juu ya wategemezi wa marehemu. Mwakilishi aende na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na cha kifo, aulize, arudi na orodha ya vinavyotakiwa.

Basi wewe usomaye haya katika chumba chako cha ugenini, ikiwa mzazi wako amekwisha kuzikwa na hujui jambo lolote zaidi ya hayo, mpigie mtu mmoja wa nyumbani kesho asubuhi, umwombe aende mahakamani akuletee vitu viwili: namba ya shauri, na jibu la kama Fomu namba V imekwisha kuwasilishwa. Ukivipata, ndipo uanze kuandika hati.